Kuumua vifuko vikubwa vya lipidi kwa umeme: ninavyofanya hapa Tanga

Vifuko hivi ni kama viputo vidogo vyenye maji ndani, na ngozi yao nyembamba ni ya lipidi, mafuta ya aina ile inayojenga utando wa seli. Njia hii ya kuviumua kwa umeme ilielezwa mwaka 1986 na Miglena Angelova na Dimiter Dimitrov wa Bulgaria. Mpaka leo ndiyo ninayoikimbilia nikitaka vifuko vya mikromita 10 hadi 100, vinavyoonekana bila taabu kwa hadubini ya kawaida. Wengi huogopa upande wa umeme. Umeme ndio mwepesi, jamani. Anayetutesa huku pwani ni unyevu.

1. Vioo. Tafuta vioo viwili vilivyopakwa oksidi ya indiamu na bati. Vinapitisha umeme upande mmoja tu, na kwa macho huujui ni upi. Pima kwa mita ukiwa umeiweka kwenye omu: upande unaotoa namba ndogo ndio wenyewe, utie alama pembeni. Osha kwa sabuni, maji yaliyokenekwa, kisha ethanoli.

2. Lipidi. Natumia DOPC, aina mojawapo ya lipidi, iliyoyeyushwa kwenye klorofomu, miligramu 1 kwa mililita. Hiyo hubaki laini hadi chini ya nyuzi 0, kwa hiyo sihangaiki na kupasha moto. DPPC, lipidi nyingine, inataka zaidi ya nyuzi 41 ili ilainike, nayo ina mambo yake.

Chupa ikitoka kwenye friza usiifungue! Iache mezani iishe ubaridi wake kwanza, nusu saa hivi. Mwaka wangu wa kwanza, masika yamekolea, niliifungua papo hapo huku inatoka jasho kama soda ya baridi. Utando wa lipidi niliopaka kwenye vioo ukakauka na mawingumawingu. Baada ya saa mbili za umeme nikaona kamba na mabonge, kifuko hata kimoja hakuna. Jenereta ya mawimbi, kifaa kinachotoa huo umeme, niliilaumu wiki nzima, maskini, haina kosa.

3. Kupaka. Fanya ndani ya kabati la kufyonza mvuke, kwa sindano ya kioo, maana klorofomu hula plastiki. Mikrolita 10 kila kioo, upande unaopitisha umeme, kwa matone madogo madogo, ukiyatandaza upesi. Kisha weka vioo kwenye ombwe saa 2. Utando mzuri ukiuinamisha kwenye mwanga huona rangi hafifu, kama mafuta juu ya maji ya bandarini. Ukiona weupe wa maziwa, umepaka mzito. Futa uanze upya.

4. Chumba. Weka fremu ya silikoni yenye unene wa milimita 2 kati ya vioo, pande zilizopakwa zikitazamana. Jaza sukrosi ya milimola 200 (gramu 6.85 kwa mililita 100) polepole, bila kuacha povu. Usitie chumvi: ioni zikizidi, masafa ya chini ya umeme tutakayotumia hatua ya 5 hayafanyi kazi.

5. Umeme. Mkondo geu, Hezi 10. Anza na volti 0.2 kilele hadi kilele, panda taratibu kwa nusu saa mpaka volti 2, acha saa moja na nusu. Maji hupenya kati ya matabaka ya lipidi, uga wa umeme unayasukasuka, na utando unavimba kama chapati kwenye kikaango. Mwisho shusha hadi Hezi 2 kwa nusu saa ili vifuko vibanduke. Mkondo wa moja kwa moja usijaribu, utachemsha mapovu tu. Na jenereta iwe kwenye betri ya akiba, umeme wetu mnaujua.

6. Kuvuna. Kata ncha ya pipeti mdomo uwe mpana, vuta kama unayenyonya uji wa moto. Tia mikrolita 50 kwenye mikrolita 200 za glukosi ya milimola 200. Sukrosi iliyomo ndani ni nzito kuliko glukosi ya nje, kwa hiyo vifuko huzama. Subiri dakika 10, kisha shusha lenzi mpaka chini kabisa: duara jembamba, safi, linalotikisika kidogo ukigusa meza, ndilo lenyewe.