Jinsi ya Kujitayarisha kwa Mkutano wa Kaunti Kuhusu Ujenzi Mpya Katika Ploti za Biashara Mombasa

Kaunti ya Mombasa inapowaita wenye ploti za biashara kujadili ujenzi mpya, wengi huingia ukumbini na hoja moja tu: ardhi ni yangu. Hoja hiyo ni ya kweli, na Kifungu cha 40 cha Katiba ya 2010 kinailinda, lakini mara nyingi haijibu swali ambalo maafisa wa mipango wamekuja nalo. Kwa hiyo anza kwa kuuliza, kwa barua na mapema, ni uamuzi gani hasa unaotafutwa.

Ikiwa kinachojadiliwa ni mpango wa matumizi ya ardhi wa eneo zima, tuseme urefu wa majengo kando ya Barabara ya Digo, hatimiliki yako haiguswi. Kinachobadilika ni kile unachoruhusiwa kujenga. Ikiwa ni ombi la jirani anayetaka kubomoa na kujenga upya, sheria ya mipango ya mwaka 2019 inamtaka autangazie umma, na pingamizi hupelekwa kwa waziri wa kaunti anayehusika. Ikiwa ardhi yenyewe inatakiwa, kwa mfano kupanua barabara, kaunti haina uwezo wa kuitwaa kwa barua yake: shughuli hiyo ni ya Tume ya Kitaifa ya Ardhi, na Katiba inataka fidia ya haki ilipwe bila kucheleweshwa. Mwenye kuchanganya mambo haya matatu hudai fidia mahali ambapo hakuna aliyetaka kumnyang'anya kitu, na hoja yake nzuri kuhusu urefu wa jengo haisikiki.

Kisha kusanya karatasi zako: matokeo ya upekuzi rasmi katika sajili ya ardhi, ramani ya ploti, na risiti za ada za ardhi zinazolipwa kaunti. Kama unamiliki kwa mkataba wa kukodi kutoka serikalini, tazama miaka iliyobaki, kwa kuwa mwekezaji ataitazama kabla yako. Ploti za Mji wa Kale zina masharti ya ziada, kwani mtaa huo ulitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1990.

Wapangaji wasisahauliwe. Mwenye duka asiye na mkataba wa maandishi analindwa na Sura ya 301 ya Sheria za Kenya: ni lazima apewe notisi ya angalau miezi miwili, na anaweza kuipinga mbele ya baraza la kodi za majengo ya biashara. Mtaa wa Majengo na mitaa mingine ya zamani ina jambo gumu zaidi, la watu wenye nyumba juu ya ardhi isiyo yao, ambao hulipa kodi ya kiwanja tu. Ninaamini kwa dhati kwamba mwenye ardhi anayekwenda kwa kaunti kabla ya kuketi na watu hao anawakosea, na anajitafutia kesi ndefu.

Mkutanoni, toa maoni kwa maandishi, yenye nambari ya ploti na ombi moja lililo wazi. Uliza kwa vipimo: ghorofa ngapi, sehemu gani ya ploti itafunikwa na jengo, magari yataegeshwa wapi, maji taka yatakwenda wapi. Swali la maji lina uzito wa pekee kisiwani, kwa sababu maji ya mji huletwa kwa mabomba kutoka mbali, yakiwemo ya chemchemi za Mzima. Hakikisha nakala yako imepigwa muhuri wa kupokelewa.

Usiporidhika na uamuzi juu ya kibali cha ujenzi, unaweza kukata rufaa kwa kamati ya uhusiano ya mipango ya kaunti, kisha katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Rufaa ya kwanza ina siku 14, nazo huhesabiwa tangu uamuzi ulipotolewa, kwa hiyo fuatilia uamuzi huo afisini mwenyewe badala ya kungojea barua.