AC inadondosha maji sebuleni? Usikimbilie kuongeza gesi

Naanza na hili maana ndilo linalokula hela za watu hapa Kigoma: maji yanayodondoka kwenye AC siyo gesi. Gesi ikivuja inapotelea hewani, huioni wala hulowi. Maji yale ni unyevu wa hewa ya chumbani kwako. Unyevu huo umegusa koili ya baridi, yaani zile paipu zenye bati nyembamba ndani ya AC, ukageuka maji, kama jasho la chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Yanateremka hadi kwenye trei chini ya koili, yanaingia kwenye mpira wa kutolea maji, yanamwagika nje. Kwa hiyo ukiona AC yako inachuruzika nyuma ya nyumba, shukuru. Kipindi cha mvua, na ziwa lenyewe liko hapo, lazima yawe mengi.

Tatizo ni pale yanapokataa kwenda nje. Basi AC ikiwa bado inapooza, zunguka nyumba ukatazame mdomo wa mpira. Ndani yanadondoka na nje pakavu? Njia imeziba, au mpira umelazwa vibaya. Ukishaona hilo, zima kwa rimoti, kisha zima na swichi yake ya ukutani. Kama maji yamefika kwenye soketi au nyaya, usiguse swichi hiyo. Kata umeme kwenye meinswichi kisha mwite fundi.

Kuziba ndiko ninakokutana nako zaidi. Kiangazi, Juni hadi Septemba, vumbi jekundu la huku kwetu linapita kwenye filta, linalowana kwenye trei na kuwa tope. Juu yake unaota utelezi fulani kama makamasi, huo ndio unaoshuka kuziba mpira. Halafu kuna nyigu wale wanaojenga kwa udongo. AC ikizimwa muda mrefu, kwa mfano mwenye nyumba amesafiri, wanaugeuza mdomo wa mpira kuwa chumba cha watoto. Mjusi naye nimeshamtoa humo, mkavu kabisa.

Kuzibua unaweza mwenyewe. Fungua kifuniko cha mbele, toa filta uzioshe kwa maji ya kawaida na sabuni kidogo, zianike kivulini. Toka nje, chokonoa udongo wa nyigu mdomoni mwa mpira kwa kijiti laini, kisha uvute uchafu kwa mashine ya kuvuta, ile inayohimili maji. Vijana wengi wa kuosha magari wanayo. Funga kitambaa pale mpira unapokutana na mashine ili hewa isitoroke. Nasema vuta, usipulize: ukipuliza kutokea nje, tope lote linarudi kwenye trei na mengine yanarukia ukuta wako uliopakwa rangi juzi. Na usimwage jiki au asidi kwenye koili, inakula zile bati nyembamba za alumini.

Sasa jaribu. Chukua kikombe cha maji safi, mimina taratibu kwenye trei, mbali na upande wenye kibao cha umeme, ambao mara nyingi uko kulia ukiwa umeikabili AC. Yakitokea nje bila kusita, umemaliza kazi.

Yakisita, fuata mpira wote kwa macho. Maji hayapandi mlima. Mpira ukipanda hata kidogo, au ukining'inia na kufanya tumbo katikati, maji yanalala pale. Kuna mama mmoja Ujiji, AC yake ilikuwa inalia maji kila jioni. Kumbe alitumbukiza mdomo wa mpira ndani ya dumu ili akinge maji ya kudekia. Dumu likijaa kiasi, mdomo unazama, hewa inakwama humo ndani na maji yanarudi nyumbani. Nilimkatia mpira ukabaki juu ya dumu, na maji yake ya kudekia bado anayapata. (Wapo wanaoyajaza kwenye betri za gari. Mimi siyajazi, yamepita kwenye vumbi.)

Weka pia pimamaji, kile kifaa cha mafundi chenye kiputo, juu ya AC. Inatakiwa ilale sawa, au iiname kidogo sana upande mpira unakotokea. Kuta zetu nyingi ni za tofali za kuchoma. Tundu la skrubu likilegea, AC inainama upande mbaya na trei inafurikia pembeni.

Kesi nyingine ni ya barafu. AC ikiwaka haidondoshi, halafu ukizima tu, maji yanamwagika kwa wingi. Toa filta uchungulie: koili nyeupe? Filta chafu inazuia hewa, koili inapoa kupita kiasi, inaganda. Feni iliyojaa uchafu nayo inafanya vivyo hivyo. Usikwangue barafu kwa kisu, utatoboa koili. Izime AC, weka beseni, iyeyuke yenyewe, kisha safisha. Kiangazi mimi huwaambia watu waoshe filta kila baada ya wiki mbili.

Filta safi, feni inapuliza vizuri, na bado inaganda? Hapo sasa tuzungumze gesi. Lakini gesi ya AC haitumiki ikaisha kama ya jikoni. Ikipungua, kuna mahali inavuja, na mara nyingi ni kwenye nati za paipu za kopa. Fundi anayeunga mtungi bila kutafuta tundu amekuuzia gesi ya kupeperuka. Mwambie asome kwanza kibandiko cha mashine ya nje: hizi aina za gesi, R22, R410A na R32, hazichanganywi.

Ukuta ukilowa mbali kidogo na AC, tazama sponji nyeusi inayofunika kopa. Ikichanika, paipu inatoa jasho hapo hapo. Trei iliyopasuka inabadilishwa, gundi haidumu.

AC mpya ikivuja wiki ya kwanza, asilimia kubwa ni ufungaji. Mrudishe aliyeifunga, usilipe mara ya pili. Na kama bado hujamlipa yote, mmiminie kikombe cha maji kwenye trei mbele yake kabla hujatoa hela iliyobaki.