Steam Deck Kigoma: pakua gemu mara moja, ihamishe kwa ruta

Gemu kubwa siku hizi zinavuka GB 60, nyingine GB 100. Ukiipakua kwenye kompyuta, kisha uipakue upya kwenye Steam Deck (kompyuta ya mkononi ya kuchezea gemu), umelipia mzigo uleule mara mbili. Huku Mwanga, Kigoma, tunapakua mara moja, ruta inamaliza kazi.

Hatua ya 1. Kwenye kompyuta yenye gemu fungua Steam, programu ya kununulia na kupakulia gemu, ingia Settings, halafu Downloads, washa "Game File Transfer over Local Network". Ipo tangu 2023. Chagua anayeruhusiwa kuchukua: wewe peke yako, marafiki, au yeyote. Rafiki naye lazima awe na gemu hiyo kwenye akaunti yake. Hapa hakuna cha bure.

Hatua ya 2. Hapa ndipo bando hupotea, kwa hiyo twende taratibu. Sasisha kwanza gemu iliyo kwenye kompyuta. Unganisha mashine zote mbili kwenye ruta moja, kompyuta kwa waya kama unao. Intaneti kidogo bado inahitajika ili Steam itambue akaunti.

Sasa, SteamOS, mfumo endeshi wa Deck, ni Linux, si Windows. Gemu za Windows inaziendesha kwa Proton, programu huria iliyojengwa juu ya Wine (inayoendesha programu za Windows kwenye Linux) na kutolewa 2018. Lakini gemu yenye toleo lake la Linux, Deck inaweza kutaka mafaili ya Linux, wakati kompyuta yako ina ya Windows. Hayalingani, basi yanavutwa mtandaoni. Kabla ya kubonyeza Install, ingia Properties ya gemu, Compatibility, ulazimishe Proton. Kisha anza, na utazame ukurasa wa Downloads: usipoona kwamba mzigo unatoka kwenye kompyuta yako, simamisha papo hapo.

Hatua ya 3. Fungua kila gemu mara moja mtandao ukiwepo, maana Proton hukamilisha mambo yake siku ya kwanza. Baada ya hapo washa Offline Mode, ucheze bila intaneti.

Hatua ya 4. Umeme. Bonyeza kitufe cha nukta tatu, nenda kwenye alama ya betri, weka kikomo cha fremu 40, na TDP (kikomo cha umeme wa prosesa) wati 8 kwa gemu nyepesi. Betri ya Deck ya 2022 ni Wh 40 (wati-saa): mashine nzima ikivuta wati 20 una saa mbili, ikivuta 10 una nne. Kwa treni ya Tabora, tofauti hiyo utaiona.

Wapenzi wa mpira, msikimbilie kununua. EA Sports FC 25 haifunguki kwenye SteamOS kwa sababu ya mfumo wake wa kuzuia wadanganyifu. Valorant na Fortnite nazo vilevile. Watoto wawekee SuperTuxKart, gemu ya mbio za magari, kutoka Discover, duka la programu lililo upande wa desktop wa Deck. Ni huria, ya bure, haidai akaunti, na ukichomeka pedi mbili wanashindana kwenye skrini moja.