Kabla Hujamhamisha Mama, Muulize Atakayebaki Naye

Uamuzi huwa unafanyika kwenye simu. Mama kasahau chungu motoni mara ya tatu, au kakutwa njiani alfajiri akiwa na kanga moja, na watoto waliotawanyika wanakubaliana kwamba aletwe mjini. Tiketi inakatwa siku hiyo hiyo. Kwetu ilikuwa hivyo, kutoka Muheza kuja Dar es Salaam, na mzigo tulimtua dada yangu mkubwa bila hata mmoja wetu kumuuliza kama anauweza. Mimi nilikuwa mtuma pesa, nikadhani pesa ni zamu.

Kwa hiyo kabla ya tiketi, kaeni kikao, na swali lisiwe nani ana chumba. Ulizeni nani ataamka usiku, na nani atampokea huyo aliyeamka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ndugu anayemtunza mtu mwenye demensia, yaani ugonjwa wa ubongo unaopoteza kumbukumbu na uelewa, hutumia wastani wa saa 5 kwa siku katika kazi hiyo, na asilimia 70 ya saa hizo hubebwa na wanawake. Yaani binti, au mkwe. Andikeni zamu kwa majina na tarehe. Anayekuja zamu anakuja kukaa, kupika, kuogesha. Kupita kusalimia na mkate mkononi hakuhesabiwi.

Kuna jambo moja ambalo natamani tungeambiwa mapema. Mgonjwa huficha vitu, husahau alikovificha, kisha humtuhumu aliye karibu naye zaidi. Dada yangu aliambiwa mwizi wa kanga na mama aliyemzaa. Mbaya zaidi, mama alikuwa akitupigia simu kusema hapewi chakula, nasi tukamuamini, tukamgombeza dada wakati sahani ya ugali imetoka kuondolewa mezani dakika kumi zilizopita. Kubalianeni mapema: ukipigiwa simu ya namna hiyo, mtulize mama, kisha muulize mtunzaji kwa upole. Dada wa kazi naye aelezwe hili kabla hajaanza, maana yeye ndiye wa kwanza kusingiziwa na hana wa kumtetea.

Mpelekeni hospitali kabla ya kuhama, msiseme ni uzee tu. Utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, uliwakuta na demensia asilimia 6.4 ya wazee wa miaka 70 na kuendelea. Walio wengi, basi, huzeeka bila ugonjwa huu. Tena si kila kusahau ni demensia. Tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, upungufu wa vitamini B12 na sonona vinaweza kufanana nayo, na vinatibika. Bebeni mfuko wa dawa zake zote, hata za dukani. Piriton, ambayo wengi wetu tunampa mzee ili apate usingizi, inaweza kumzidishia kuchanganyikiwa. Na mtunzaji ajue hili: mzee akibadilika ghafla ndani ya siku moja au mbili, huenda ni maambukizi ya njia ya mkojo, malaria au kukaukiwa maji. Hapo hakuna kusubiri kesho.

Kuhusu karatasi nitasema kwa kifupi. Mambo ya shamba, benki na pensheni yazungumzwe, yatiwe sahihi mbele ya mwanasheria, wakati bado anaelewa anachosaini. Namba ya siri ya simu ya pesa isijulikane na kila mtu nyumbani.

Nyumba nayo iandaliwe. Mtungi wa gesi ufungwe kwenye valvu kila baada ya kupika, taa ya kwenda chooni iwake usiku kucha, ndoo zisiachwe kwenye njia ya kupita. Jambo kubwa ni geti. Mwambieni mjumbe, majirani, muuza duka na vijana wa bodaboda wa kijiweni. Waoneni mkiwa na mama mwenyewe ili waijue sura yake na namba ya kupiga. Wengi wetu tunaficha kwa aibu. Lakini bibi asiyejulikana, anayegonga mlango wa watu saa nane usiku, anaweza kuitwa mchawi na kupigwa kabla hamjafika.

Mje na vitu vyake: kigoda, redio, mto wake wa zamani. Kuhama kwenyewe humchanganya, na jioni atataka kurudi kwao. Msibishane naye. Muulizeni habari za huko kwao, nani yupo, shamba limepandwa nini. Mara nyingi katikati ya maelezo anatulia.

Mtunzaji naye awe na siku yake ya kliniki, kipimo chake cha presha na usingizi wake, na vilindwe kama dawa za mama. Sasa Jumamosi ni yangu. Mara ya kwanza dada alitoka saa tatu asubuhi, akarudi saa tano, akachungulia dirishani kwanza. Tulikuwa kibarazani, mama anachambua mchele uliokwisha kuchambuliwa, ananiuliza mimi ni mtoto wa nani. Nilimwambia dada arudi alikotoka, jioni bado.