Nyumba ya kupangisha Mtwara: wanaolala ndani wajue nini

Nina nyumba ya vyumba sita Chikongola, hapa Mtwara mjini, choo na bafu viko uani, na mimi mwenyewe siishi humo. Moto ukizuka saa nane za usiku, mimi niko kwangu mtaa mwingine. Watakaouzima au kuukimbia ni wapangaji. Kwa hiyo kila ninachoandaa kinalenga jambo moja: wanaolala ndani wajue yale ninayoyajua mimi.

Anza na umeme. Mpangaji mpya, kabla hajapanga kitanda, nampeleka kwenye meinswichi aizime mwenyewe, kisha aiwashe. Kuonyeshwa kwa kidole hakutoshi. Gizani, moshi umetanda, mkono unakwenda pale ulipowahi kufika. Hapo hapo namwambia: waya ukiwaka usimwage maji, zima kwanza. Na harufu ya plastiki inayoungua nipigiwe saa yoyote. Mwanafunzi mmoja alinipigia: "Shikamoo mama. Soketi ya chumbani kwangu inanuka." Nilikuta ukingo wake umekuwa wa kahawia kama ukoko, na ekstensheni moja imebeba pasi, hita ya maji na feni. Fundi alipoifungua, waya ulikuwa umelegea na ganda limeyeyuka. Soketi na waya vilibadilishwa siku ile ile, kwa gharama yangu. Mpangaji akiona kwamba kutoa taarifa kunamletea deni, safari nyingine atanyamaza.

Madirisha yetu yana nondo kwa sababu ya wezi, na mlango wa uani hupigwa kufuli usiku. Ufunguo ukilala na mtu mmoja, waliobaki wamefungiwa. Toa kufuli, weka komeo linalofunguka kwa ndani, na umwambie fundi wa kuchomelea aweke bawaba kwenye grili ya dirisha moja la kila chumba.

Ninachokihofia kuliko vyote ni jiko la mkaa. Mtu anapika kibarazani, mvua inashuka, analiingiza jiko chumbani na kufunga dirisha, watoto wamelala. Sumu ya mkaa haina rangi wala harufu, na aliye usingizini haamki. Ndiyo maana nimeezeka banda la bati uani, wazi pande mbili, watu wapikie hapo hata mvua inyeshe namna gani. Kumkataza mtu bila kumpa mahali pakavu ni kumwonea. Wenye gesi nao wajue kwamba ni nzito kuliko hewa na hutuama chini: ikinuka, funga mtungi, fungua mlango, usiguse swichi yoyote, toka nje.

Sasa upepo. Mvua zetu za msimu huanza Novemba na kuisha Aprili, na wengi tukifika Aprili tunajiona tumeshavuka. Lakini kimbunga kilichoipiga Lindi mwaka 1952 kilikuja Aprili. Kimbunga Kenneth kiliingia Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, tarehe 25 Aprili 2019. Hidaya kilikuja Mei 2024. Kwa hiyo paa lipande fundi Oktoba, fedha za korosho zinapoanza kuzunguka na kodi zinalipika, na apande tena Machi. Akague misumari, hasa ukiwa karibu na bahari kama Shangani au Mikindani, maana chumvi huila kichwa na bati hubaki limeegeshwa tu. Aangalie kama kenchi zimefungwa kwenye lenta kwa waya mnene au vipande vya nondo. Upepo hupenya chini ya upenu na kulinyanyua paa lote. Mawe na matairi juu ya bati yashushwe, maana yataruka yamwangukie mtu. Madafu na makuti makavu ya mnazi ulio jirani na ukuta yaangushwe mapema.

Weka akiba ya mabati machache, misumari na turubai. Hidaya kilikuwa kimeshaishiwa nguvu kilipofika Mafia, lakini mvua zake zilikata barabara ya Lindi na Dar es Salaam huko Kilwa, magari yakakwama. Barabara ile ikikatika, bati la duka la jirani linaisha au linapanda bei.

Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari, wapigie wapangaji, usitegemee ujumbe peke yake. Ukutani karibu na meinswichi nimeandika kwa rangi 114 ya Zimamoto na 112 ya Polisi. Orodha ya wapangaji, na simu ya ndugu wa kila mmoja, nakala yake anayo mjumbe.

Kama una bima ya moto, uliza kama inagusa dhoruba na mafuriko. Upepo ukishapita, umeme ubaki umezimwa hadi fundi apite chumba kwa chumba, na kila palipoharibika papigwe picha kabla ya kufagia. Kodi ya mwezi ambao chumba hakilaliki usiidai.