Kuendesha Ofisi ya Usanifu Majengo Inayotanguliza Ubunifu

Kabla ya kukubali kazi, geuza ada utakayolipwa kuwa saa za kazi. Chukua malipo ya saa moja ya kila mhusika, uyazidishe kwa 2.5 hadi 3. Humo mna kodi ya ofisi, programu za kuchorea, bima, saa zisizolipwa na mteja, na faida. Kisha gawanya ada kwa kiwango hicho.

Tuseme umepata saa 600. Mgawo uliozoeleka ni asilimia 15 kwa wazo la awali, 20 kulikuza, 40 michoro ya ujenzi, 5 zabuni na 20 usimamizi. Wazo la awali, basi, lina saa 90. Ofisi zinazopenda ubunifu huzimaliza saa 200 hapo, halafu michoro ya ujenzi inachorwa mbiombio, na mkandarasi anajaza mapengo kwa alivyozoea. Jengo likisimama, mteja halitambui. Ukitaka saa zaidi za mwanzo, ziombe kwenye mkataba. Usizikope kwenye michoro.

Mkataba huohuo utaje marekebisho mawili kwa kila hatua, kisha saini ya mteja. Badiliko lolote baada ya saini lilipiwe kwa saa. Mteja akielezwa mapema hakatai. Akielezwa katikati ya kazi, mtagombana.

Weka siku moja ya wiki ya kukosoana, michoro ikiwa imechapishwa na kubandikwa ukutani. Kwenye skrini kila kitu hukuzwa na kupunguzwa, ukubwa halisi ukapotea. Mpangilio wa jumla uwe kwa skeli ya 1:100 (sentimita 1 ya mchoro ni mita 1 ya jengo), vyumba 1:50. Chagua maungio matatu au manne yanayobeba wazo lenyewe (dirisha linapokutana na ukuta, ukingo wa paa) uyachore 1:5 kabla ya kumaliza kulikuza. Mhandisi wa miundo awepo tangu hapo, la sivyo nguzo ya sentimita 30 itachomoza kwenye ukuta wa 15.

Mkadiriaji majenzi apige hesabu kila hatua inapofungwa. Gharama zikizidi, punguza eneo la sakafu mapema. Wanaosubiri zabuni huishia kuondoa vifaa vile vile vilivyolipatia jengo sura yake.

Kwenye ujenzi, dai sampuli ya ukuta ya mita 1 kwa 1, yenye kona na kingo ya dirisha. Ukishaikubali, isibomolewe mpaka ukuta wa mwisho ukamilike.