Hoja Ni Sentensi: Ninavyoongoza Kikao cha VICOBA

Mwaka wangu wa kwanza wa uenyekiti wa VICOBA yetu, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, hapa Morogoro tulibishana saa tatu nzima juu ya viti. Viti vya plastiki. Mmoja anataka tununue tukodishe kwenye misiba na harusi, mwingine anauliza vitalala kwa nani, wa tatu anafufua mkopo wa mtu ambao haujarejeshwa. Giza likaingia, katibu akaniuliza aandike nini kwenye muhtasari. Sikuwa na jibu. Na tuseme kweli, aliyeongea kuliko wote siku ile nilikuwa mimi.

Dawa niliipatia jikoni. Ulikuwa msimu wa bajeti, redio inarusha Bunge kutoka Dodoma, mimi nachambua mchicha. Nikang'amua kitu: pamoja na kurushiana maneno kwote kule, mtu kwanza anamalizia na "naomba kutoa hoja", wenzake wanasimama kuiafiki, ndipo mjadala unafunguliwa. Sisi tulikuwa tunaanza na mjadala, hoja tunaitafuta njiani.

Kwa hiyo anzia hapo. Hoja ni sentensi moja inayojibika kwa ndiyo au siyo. "Suala la viti" si hoja. "Kikundi kinunue viti 100 vya kukodisha" ni hoja. Mtoa hoja aiseme, katibu aiandike na kuisoma kwa sauti, kisha uliza nani anaafiki. Asipopatikana hata mmoja, imeishia hapo, nenda kwenye ajenda inayofuata.

Panapowachanganya watu ni kwenye marekebisho. Tulipoirudisha ile hoja ya viti, mama mmoja akasema 100 ni vingi, iwe 50. Mwenyekiti mgeni hapo huuliza, "Haya, wangapi wanataka 100 na wangapi 50?" Usifanye hivyo, maana wasiotaka viti kabisa utakuwa umewafungia nje. Uliza kwanza juu ya badiliko lenyewe: tuondoe 100 tuweke 50? Likipita, hoja sasa inasomeka "Kikundi kinunue viti 50 vya kukodisha", na hiyo nayo inapigiwa kura yake. Kwetu badiliko lilipita kwa kishindo, hoja yenyewe ikapita kwa tofauti ya kura mbili tu. Kuna waliosema ndiyo kwenye 50 halafu siyo kwenye kununua, na walikuwa na haki: walitaka, kama lazima tununue, hasara iwe ndogo.

Kila neno lipitie kwa mwenyekiti. Bungeni mtu hata akimshambulia jirani yake wa kiti cha pili, anaanza na "Mheshimiwa Spika". Nilidhani ni mbwembwe. Kumbe ukimlazimisha mtu kusema "Mwenyekiti, aliyetangulia amesahau kwamba…" badala ya "Wewe umesahau!", nusu ya ugomvi inapoa mdomoni.

Kitu ambacho sikukiiga ni "taarifa". Bungeni mtu anamkatiza msemaji kwa taarifa, yaani kumwongezea au kumsahihisha jambo, Spika anamuuliza msemaji kama anaipokea. Tulijaribu Jumamosi moja. Kila mtu akawa na taarifa, na hakuna aliyeipokea hata moja. Tumebakiza "kuhusu utaratibu" peke yake, na anayesimama kwa hilo ataje kanuni gani imevunjwa. Akianza na "mimi ninavyoona…", mkalishe.

Akidi, yaani idadi ya chini ya watu ili kikao kifanyike, ni hesabu tu. Tuko 27, katiba yetu inadai theluthi mbili, basi bila watu 18 hatufungui sanduku la fedha. Kura za kawaida ni za sauti. Nikiyatilia shaka masikio yangu, tunahesabu mikono. Uchaguzi wa viongozi ni kwa karatasi, maana dada hawezi kumnyima shemeji yake kura huku anamtazama.

Wewe mwenyekiti ukiwa na neno zito juu ya hoja, mwachie kiti makamu mpaka ipigiwe kura. Mimi hili liliniuma kuliko yote. Ila niliposhuka mara ya kwanza kuipinga hoja ya kupandisha bei ya hisa, nikashindwa, watu walicheka na mimi nikacheka, kikao kikaendelea.

Bado kuna ajenda ya mwisho, "mengineyo". Huko ndiko wajanja huvizia, watu wameshachoka, nusu wanawaza daladala. Kwetu jambo lolote la fedha likiibukia huko linasikilizwa, linaandikwa, linapangwa kuwa ajenda ya Jumamosi ijayo. Halafu katibu anasoma maamuzi pekee: nini, nani atafanya, lini. Viti 50, mweka hazina na wenzake wawili, kabla ya kikao kijacho. Sanduku linafungwa, funguo tatu zinaondoka na watu watatu, na kama tulianza saa tisa, kumi na nusu niko njiani kurudi nyumbani.